Namba za Chini ya Ulimi

Shemeji yangu amekuwa fundi wa majokofu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sijamsikia akiliacha neno "baridi" lipite bila kuuliza ni baridi ya nyuzi ngapi. Mtaani wanamwita Nyuzi. Jina hilo lilitoka kwa mama mmoja muuza nyama, aliyemwita dukani akilalamika kwamba friza lake limekufa. Shemeji alimkuta ameingiza mkono kwenye friza hadi kiwikoni, amefumba macho kama mkunga anayepapasa tumbo, kisha akatoa hukumu: gesi imekwisha. Shemeji hakubishana. Aliiweka ncha ya kipimajoto chake katikati ya vipande vya nyama, akafunga mlango, akasimama robo saa nzima mikono nyuma, akafungua na kumwonyesha. Hasi kumi na nane.

"Mama, friza ni zima," akamwambia. "Kibovu ni mkono wako. Mkono hauna namba."

Mama muuza nyama alimsimulia kila mteja, akiigiza hata ile mikono ya nyuma, na jina likashika. Mwenyewe halimkeri. Nadhani anaona ni cheo.

Mke wake ni dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Anafundisha hesabu sekondari. Nyumbani humwita mumewe Fundi, naye humwita Mwalimu, na hata walipogombana sikuwahi kusikia majina mengine. Nimewahi kujiuliza kama ndoa yao ilisimama kwa sababu wote wawili hawaamini maneno matupu. Anayetaka kushinda ubishi katika nyumba ile sharti aje na hesabu zake. Sina hakika kama nina haki ya kusema hivyo. Mtu wa nje ya ndoa, hata awe ndugu wa damu, huishia sebuleni.

Mwaka jana dada aligunduliwa kuwa na saratani kwenye titi la kushoto. Akafanyiwa upasuaji, kisha akapangiwa tibakemikali, ambayo sisi tuliizoea kwa jina la dripu: mizunguko sita, mmoja kila baada ya wiki tatu. Dada aliichora ratiba yote kwenye karatasi ya miraba, zile tarehe sita akazizungushia wino mwekundu, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Daktari alikuwa amemweleza kwamba dawa hufanya kazi vyema zaidi ikifuata tarehe zake, naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mzunguko wa kwanza ulipokaribia nilichukua likizo ofisini, ambako kazi yangu ni kuhariri ripoti zilizoandikwa na wengine, nikahamia kwao. Nilikuja kusaidia.

Muuguzi wa kliniki alituketisha wote watatu akatueleza jambo moja, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia. Dawa hii inaua saratani, lakini inaua pia askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kila dripu, mgonjwa hubaki kama nyumba iliyong'olewa milango. Maambukizi ambayo mimi na wewe tungeyamaliza kwa kulala mapema yanaweza kumwua yeye kwa muda wa saa chache. Basi tumpime joto asubuhi, mchana na jioni. Likifika nyuzi thelathini na nane tusisubiri, tusimpe kidonge cha kushusha homa, tumlete. Shemeji akauliza, je, likiwa thelathini na saba nukta tisa? Muuguzi akamwambia kwamba kama wagonjwa wote wangekuwa na waume wa namna hiyo angestaafu mapema.

Tukarudi nyumbani na kipimajoto kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Shemeji akanunua daftari la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, nyuzi, maelezo. Mwandiko wake wa kifundi, herufi kubwa zilizosimama wima, ulijaza kurasa. Katika mzunguko wa pili, siku ya tisa, dada alilalamika kuchoka, na kwa woga tu tukamkimbiza hospitali bila homa yoyote. Tukakaa saa sita kwenye benchi kati ya watu wanaokohoa. Daktari aliyetupokea hakuficha hasira yake. Kumleta mgonjwa wa namna hii kukaa hapa bila sababu, alisema, ni kumtafutia kile mnachokikimbia. Niliona maneno hayo yamemwingia shemeji. Kuanzia siku ile akawa na sheria moja: hatuendi kwa hisia, tunaenda kwa namba.

Baada ya dripu ya tatu kinywa cha dada kiliota vidonda. Chai ilimchoma, maji ya kawaida yalimchoma, hata mate aliyameza kwa kukunja uso. Kliniki walisema vipande vya barafu vitampa nafuu, na kwa shemeji ilikuwa kama amepewa zamu yake. Kama kuna kitu anachokijua duniani ni barafu. Aliyachemsha maji, akayapoza, akayagandisha katika sahani bapa yawe membamba, kisha akayafunga ndani ya kitambaa safi na kuyaponda kwa mpini wa bisibisi hadi yakawa vipande vyembamba visivyo na ncha za kukwaruza. Akavitia kwenye chupa ya chai. "Hata mahotelini hupati barafu hii," alimwambia dada, na dada, midomo ikiwa imemvimba, akamjibu kwamba mahotelini hawamshindilii mtu barafu saa kumi na mbili asubuhi.

Hivyo ndivyo kosa lilivyojengwa, taratibu na kwa upendo. Shemeji alikuwa na kazi zake mjini, na nyakati alizokuwa na hakika ya kuwapo nyumbani zilikuwa tatu: kabla ya kutoka, mapumziko ya mchana, na akirudi jioni. Nyakati hizo aliponda barafu, akamlisha, akasubiri vidonda vipoe ili aweze kufumba kinywa bila maumivu, kisha akaweka kipimajoto chini ya ulimi. Barafu, halafu kipimajoto. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mara nyingine nimeshika chupa yenyewe. Nimesoma hadi chuo kikuu na sikuona kitu.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu. Saa nne asubuhi dada aliniita akaniomba blanketi. Jua lilikuwa kali, na bati la jirani lilikuwa likilia kwa joto. Nilimpa blanketi. Nikampa na la pili. Alipochukua kikombe nilisikia kikigonga meno yake. Nikamwuliza kama ana homa, akasema Fundi amempima asubuhi, daftari lile pale, nisome kama sijui kusoma. Nikasoma: thelathini na sita nukta tano. Nikarudi sebuleni. Sikumpigia shemeji simu, na sababu niliyojipa wakati ule ni kwamba namba ilikuwa nzuri.

Shemeji alirudi saa sita. Aliponda barafu, akaingia chumbani, akainama kumweka dada mto vizuri, na kiganja chake kikapita shingoni pake. Nilikuwa mlangoni. Kile kiganja kilisimama. Kikakaa pale kwa muda mrefu kuliko mto ulivyohitaji, kisha akakiondoa na kukitazama, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

"Mwalimu, unawaka," alisema.

"Blanketi mbili, Fundi. Ulitaka nigande?"

Akamlisha barafu, akasubiri, akapima. Thelathini na sita nukta nne. Aliiandika. Lakini hakuvaa viatu kurudi kazini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefumbwa juu ya goti, na ndipo nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba pengine twende tu hospitali.

"Twende tukaseme nini, shemeji?" alinijibu. "Kwamba mkono wangu umesema? Wamkalishe tena benchi lile saa sita na watu wa kifua? Leo hana kinga hata chembe. Tukikosea, tumemwua sisi."

Hakuwa amepandisha sauti. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe, na nimejaribu mara nyingi tangu siku hiyo kuona kama kulikuwa na njia rahisi ya kuupima. Kumpeleka bila homa kulikuwa hatari. Kumbakiza na homa kulikuwa hatari kubwa zaidi. Kati ya hayo mawili tulikuwa na kijiti kidogo cha plastiki, na mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amewacheka wanaoamini viganja vyao.

Saa saba alimpima tena, baada ya barafu nyingine. Thelathini na sita nukta tano. Dada hakuzungumza sasa. Alikuwa amefumba macho, na pumzi yake ilikuwa fupi. Shemeji aliishika kalamu aandike, kisha hakuandika. Alifungua kurasa za nyuma. Nilimwona akienda hadi mzunguko wa kwanza, akirudi, akifuata safu ya nyuzi kwa ukucha wa kidole gumba.

"Njoo utazame," aliniita. "Mzunguko wa kwanza: asubuhi thelathini na sita nukta mbili, jioni nukta tisa. Wa pili hivyohivyo, unapanda, unashuka. Ndivyo mtu alivyo. Sasa angalia tangu Ijumaa. Nukta tano, nukta nne, nukta tano, nukta tano. Asubuhi, mchana, jioni." "Friji likinipa mstari ulionyooka hivi, najua mwenyewe ameibandika ncha kwenye barafu. Shemeji, hatumpimi Mwalimu. Tunapima barafu."

Alitoka mbio hadi kwenye begi lake la kazi. Alirudi na kile kipimajoto cha waya anachotumia kwenye mafriza ya maduka, akakisugua kwa spiriti mara tatu, akainua mkono wa dada, akaiweka ncha kwapani na kuubana mkono juu yake. Kioo kidogo cha namba alikishika kiganjani. Thelathini na tano, bado ni joto la chumba na la waya wenyewe. Thelathini na saba. Ikapanda polepole, kwa ukaidi, namba moja baada ya nyingine. Thelathini na nane. Nukta nne. Nukta nane. Thelathini na tisa nukta moja, ikatulia.

Dada alifumbua macho. Nilidhani atauliza ni ngapi.

"Usiiandike hiyo, Fundi," alisema.

Shemeji alikuwa tayari amemwingiza mikono chini ya magoti na mgongo.

Gari lake la kazi lina viti viwili mbele na nyuma ni pa vyuma. Dada alikaa mbele akiwa ameegemezwa kwenye kioo. Mimi nilijibana nyuma kati ya kompresa kuukuu na mlango wa friji la mteja, nimeikumbatia chupa ya barafu kwa sababu hakuna aliyenielekeza kubeba kitu kingine. Barabara kuu ilikuwa ikichimbwa, na magari yalipitishwa kwa zamu upande mmoja. Tulisimama. Kijana wa bendera nyekundu alitutazama bila kututazama. Shemeji alishuka, akamsemesha, akamwonyesha dirisha la dada. Kijana akachungulia, akaishusha bendera na kutupisha tukipanda juu ya vifusi, kompresa ikiniponda mbavu. Dada alilalamika kiu. Aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikafungua chupa nikampa barafu. Alipomaliza nikampa nyingine. Ni mimi niliyempa. Nalisema wazi, kwa sababu shemeji hakuwahi kunikumbusha na pengine hatanikumbusha kamwe.

Tulifika mapokezi ya dharura saa nane na nusu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Muuguzi wa mezani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta pembeni, alisikiliza maelezo ya shemeji hadi mwisho, jambo ambalo kwa wingi wa watu wale lilikuwa hisani. Akachukua kipimajoto chake, akamwekea dada chini ya ulimi. Kikalia.

"Thelathini na saba nukta mbili," alisema. "Hana homa, baba." Kisha akalivuta daftari letu, akapekua kurasa tatu nne, na uso wake ukalainika. "Na hapa mmeandika vizuri sana, nawapongeza. Siku zote ziko sawa. Mkalisheni pale, daktari atamwona kwa zamu."

Pale palikuwa benchi lile lile. Mbele yetu kulikuwa na watu wasiopungua ishirini, na wa karibu zaidi alikuwa mzee anayekohoa ndani ya taulo.

Shemeji hakwenda kwenye benchi. Alilichukua daftari, akalifungua juu ya meza ya muuguzi, akaomba kalamu. Alipiga mstari wa mshazari kwenye ukurasa wa siku ile. Akapiga kwenye wa jana. Akaendelea kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, hadi Ijumaa, mistari mirefu iliyokata zile herufi zake zilizosimama wima, na kalamu ilikuwa ikichana karatasi.

"Nesi, naomba usizisome hizi," alisema. "Ni mimi niliyeziandika na ni za uongo. Nilikuwa nampa barafu kisha nampima mdomoni. Mimi ni fundi wa mafriji, kazi yangu ni kupima joto, na nimempima mke wangu kama mjinga. Kwapani ana thelathini na tisa."

"Umepimia nini hiyo thelathini na tisa?"

"Kipimajoto cha friza."

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Muuguzi hakucheka, lakini alilegeza mabega kwa namna ya mtu anayejiandaa kueleza jambo kwa upole kwa mara ya mwisho. Alianza kusema kwamba anaelewa hofu yake. Ndipo dada, aliyekuwa ameniegemea kwa uzito wote, akainua kichwa. Alizungumza kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma bila kupanda.

"Nimekula barafu njiani, sasa hivi. Pima kwapani."

Muuguzi alimtazama, akaitazama chupa mikononi mwangu. Alitoka nyuma ya meza. Alipima kwapani, na alipokuwa akisubiri alishika kifundo cha mkono wa dada na kuhesabu mapigo, na nikaona midomo yake ikiacha kuhesabu kabla ya dakika kuisha. Kipimajoto kilipolia hakutuambia namba. Aligeuka akamwita mtu kwa jina la kazi yake, akaita kitanda, na mlango ambao watu ishirini walikuwa wakiusubiri ukafunguliwa kwa teke.

Kilichofuata nilikiona kupitia pengo la pazia. Presha yake ilikuwa imeshuka. Mishipa ya mkono haikupatikana mara ya kwanza, wala ya pili. Daktari kijana alikuwa akitaja antibayotiki mbili na kuuliza saa, kila mara akiuliza saa. Shemeji alisimama ukutani, daftari kwapani, na alipoulizwa homa ilianza lini alifungua kinywa kisha akanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipomweleza, mbele ya daktari, habari ya blanketi la saa nne, na la pili, na kikombe kilichogonga meno.

"Saa nne," alirudia shemeji.

"Ndiyo."

"Nami nilijua saa sita." Alikifungua kiganja chake. "Kilikuwa hapa. Nikakiambia kinyamaze."

Nimewahi kuhariri sentensi za watu wenye vyeo vikubwa nikazifanya ziseme walichokusudia; mbele ya mtu huyu mmoja sikuweza kupanga maneno matatu.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa na umbo. Tuliruhusiwa kumwona mmoja mmoja, kwa barakoa na mikono iliyooshwa hadi viwikoni. Maambukizi yalikuwa yameanzia kwenye kidonda cha fizi, wakasema, yakaingia kwenye damu. Joto lilishuka, likapanda tena, likashuka. Chembe nyeupe zilikuwa karibu na sifuri, na kila asubuhi daktari aliisoma karatasi ya maabara kabla hajatutazama usoni. Shemeji alikataa kwenda nyumbani kubadilisha shati. Mteja alimpigia simu kuhusu mlango wake wa friji uliokuwa bado ndani ya gari, naye akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba mlango ni mzima, kisha akakata simu na kukaa akiitazama, kama aliyesahau inatumikaje.

Siku ya tatu joto halikupanda. Siku ya nne chembe zilianza kurudi. Daktari mkuu wa kliniki, mwanamke mrefu wa maneno machache, alikuja akatueleza sote kwamba hatari kubwa imepita, na kwamba dripu ya nne itaahirishwa kwa wiki mbili, na huenda kipimo cha dawa kikapunguzwa. Alipoondoka dada alikuwa anatazama ukuta.

"Wiki mbili," alisema. "Hicho ndicho nilichokuwa nakikwepa."

Shemeji alikuwa akimpangusa mikono kwa kitambaa cha maji. Aliendelea kupangusa, kidole kimoja kimoja. Akamwuliza ana maana gani.

Dada akasema kwamba Jumapili alfajiri, kabla shemeji hajaamka, alijipima mwenyewe. Thelathini na saba nukta nane. Baada ya barafu, shemeji alipompima, ikawa nukta nne. Alielewa mara moja. Hata mwanafunzi wake wa kidato cha kwanza angeelewa. Jumapili jioni alijipima tena kabla ya barafu, ikawa thelathini na nane kamili, akaifuta kwa kukizima kipimajoto, akasubiri barafu yake.

"Ningesema, wangeahirisha," alisema. "Nilizihesabu, Fundi. Zilikuwa zimebaki tatu. Nikasema nitavumilia, chembe zitapanda zenyewe, tarehe itafika. Nilikuona unaandika kwenye lile daftari lako kwa mwandiko mzuri, nami nakutazama."

Nilitaka kutoka chumbani.

Shemeji alikitundika kitambaa kwenye chuma cha kitanda, akakinyoosha pembe zake. Nilimjua kwa miaka ishirini na sikujua atafanya nini.

"Mwanafunzi akinakili majibu nyuma ya kitabu," aliuliza hatimaye, "unampa ngapi?"

"Sifuri."

"Hata kama alikuwa na haraka ya kumaliza?"

"Hasa huyo."

"Basi chukua sifuri yako, Mwalimu, nami nina yangu. Mimi nilidanganywa na barafu, nikakosea. Wewe ulinitazama ninavyokosea." Akakinyoosha kitambaa tena. "Ukifa kwa ugonjwa, nitalia kama watu wanavyolia. Ukifa kwa tarehe, mimi nitaishije? Nieleze. Fanya hesabu hiyo unionyeshe na njia."

Dada aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika, na shemeji hakumshika wala hakuondoka. Alikaa kitini mikono magotini. Mama wa usafi aliingia akapiga deki chini ya kitanda, akainua miguu ya shemeji kama miguu ya kiti kingine chochote, akatoka. Sijui kama walisameheana mchana ule. Nimesoma vitabu ambamo watu husameheana kwa sentensi moja, na zamani niliviamini.

Saa tisa daktari mrefu alipita tena kwenye mzunguko wake, faili mkononi, mguu mmoja tayari umeelekea kitanda kinachofuata. Akamwuliza dada anajisikiaje.

Miezi yote ile nilikuwa nimelisikia jibu la swali hilo. Vizuri, daktari. Nashukuru, daktari. Dada alijipangusa uso kwa kiganja, akamtazama mumewe, ambaye hakumtazama. Kisha akaanza. Alianza na nyayo, ambazo tangu dripu ya pili zilikuwa zikiwaka kama amekanyaga majivu. Akaja kwenye vidole vya mikono, vinavyoshindwa kushika chaki, jambo ambalo hakuna aliyelijua shuleni wala nyumbani. Akaja kwenye moyo, unaokwenda mbio akiwa amekaa tu. Alisema kwamba anaogopa, na tangu lini. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, mikono mitupu.

Daktari alilifunga faili, akavuta kiti.